Mashine ya Kufulia Nguo: Mlango Mbele au Mlango Juu?



Mwezi huu twataka kuzungumza juu ya jambo ambalo huenda baadhi yenu wakastaajabu kuliona katika ukurasa huu, nalo ni mashine ya kufulia nguo. Sababu yake ni hii. Katika chuo chetu hapa Mombasa, ambako twasomesha Jumamosi na Jumapili asubuhi, tuliona kwa muda wa miezi mingi kwamba mahali pa wasichana wawili, ndugu wa tumbo moja, huwa patupu kila Jumamosi. Ndugu yao mwanamume akihudhuria sawasawa. Siku moja tukamwuliza, "Dada zako wana nini?" Akajibu bila ya kufikiri, "Maalim, leo ni siku ya kufua." Hatukuwa na la kumwambia, kwani nyumbani kwetu pia Jumamosi ilikuwa ndiyo siku ya kufua, na mama wa watoto wetu na binti yetu walikuwa wameinama juu ya mabeseni saa ile ile ambayo sisi tulikuwa tumekaa juu ya mkeka tukiuliza watoto wa watu wako wapi.

Hazikupita siku nyingi, baba wa wasichana wale akatujia kutaka shauri. Alikuwa amekusanya fedha kidogo kidogo ili anunue mashine, lakini dukani ameonyeshwa za namna mbili: moja mlango wake uko mbele, wa kioo, wa duara, na nyingine mfuniko wake uko juu, kama pipa la maji. Mwenye duka amemwambia kuwa ya mlango mbele ndiyo ya kisasa. Shemeji yake amemwambia kuwa ya mlango juu ndiyo ya kudumu. Basi akatuuliza sisi, kwa kuwa alipata khabari kwamba tuliwahi kununua. Twajua kuwa wako wengi wenye swali kama lake, na jibu tulilompa yeye ndilo tunaloliandika hapa.

KAZI YENYEWE

Kufua kwa mikono ni kazi nzito kuliko wanavyodhani wale wasioifanya. Mtungi mmoja wa maji wa lita 20 una uzito wa kilo 20, na nyumba ya watu saba haifui kwa mtungi mmoja. Shuka likilowa huwa zito kama mtoto, nalo hutakiwa kusuguliwa, kusuuzwa mara mbili au tatu, kukamuliwa kwa nguvu za viganja, kisha kuchukuliwa hadi kambani. Mfanyaji huinama saa tatu au nne, na sabuni humla ngozi ya vidole. Tukitaka kuijua kazi hii, tutazame mikono ya mama zetu.

Mtaalamu mmoja wa Uswidi, Bwana Hans Rosling, aliyefariki mwaka 2017, alitoa hotuba mwaka 2010 akaeleza kisa cha nyumbani kwao. Alikuwa na umri wa miaka minne, basi yapata mwaka 1952, mama yake alipotia nguo katika mashine kwa mara ya kwanza maishani mwake, baada ya wazee wake kuweka akiba miaka mingi. Bibi yake akaalikwa aje aone. Bibi huyo alikuwa amechemsha maji kwa kuni na kuwafulia watoto saba kwa mikono yake, na siku ile aliketi kitini mbele ya mashine akaitazama tangu mwanzo hadi mwisho. Akasema Bwana Rosling kwamba baada ya hapo mama yake alimchukua kwenda naye katika maktaba, kwani sasa alikuwa na wakati. Kisa hiki kimetukaa moyoni, kwa kuwa hata sisi tuliokuwa tukiwahesabu wanafunzi chuoni hatukujua kwamba beseni ndilo lililokuwa likiwapunguza.

Wako watakaosema: mama zetu walifua kwa mikono na hawakufa. Ni kweli hawakufa. Lakini tusisahau khabari ya Bibi Fatima, radhi za Mwenyezi Mungu zimshukie, aliyekwenda kwa baba yake, Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, kumlalamikia mikono yake iliyoumia kwa kusaga kwa jiwe. Hakupewa mtumishi, bali alifundishwa tasbihi ya kusoma wakati wa kulala. Lakini Mtume alikwenda nyumbani kwake usiku ule ule, akaketi baina yake na mumewe. Malalamiko ya mikono iliyoumia hayakupuuzwa. Basi nasi tusiyapuuze, na mwenye uwezo wa kununua kifaa cha halali cha kupunguza uchungu huo asione haya.

NAMNA ZA MASHINE

Mashine ya mlango mbele si jambo geni duniani. Kampuni ya Bendix ya Marekani ilileta mashine ya nyumbani ya namna hii, inayojiendesha yenyewe, mwaka 1937. Ndani yake mna pipa la chuma lenye matundu, lililolala ubavu. Maji huingia kidogo tu chini yake, na pipa likizunguka huziinua nguo juu kisha huziangusha ndani ya maji, ziinuke tena ziangushwe tena, kama mtu apigaye nguo juu ya jiwe kwa upole. Kwa sababu nguo hazina haja ya kuelea, maji yatumikayo ni machache. Mwisho pipa huzunguka kwa kasi, mara 1,000 hadi 1,400 kwa dakika moja katika mashine nyingi, na nguo hutoka zikiwa karibu kukauka.

Mashine ya mlango juu pipa lake limesimama wima. Maji hujazwa mpaka nguo ziogelee, na chini yake mna sahani ipindayo maji huku na huku, au katikati mna mhimili wenye mabawa uzisukumao nguo. Nguo zilizotoka humo huwa na maji zaidi kidogo, kwa kuwa kasi yake ya kukamua kwa kawaida ni kiasi cha mara 700 au 800 kwa dakika. Kwa jua letu la kaskazi hilo si neno. Ni wakati wa masika, nguo zinapokaa kambani siku mbili zikanuka, ndipo mtu huitamani ile yenye kasi.

Iko na ya tatu, ambayo wenye maduka hawapendi kuitaja kwa kuwa bei yake ni ndogo: ile yenye mapipa mawili, moja la kufulia na la pili la kukamulia. Hii haijiendeshi yenyewe. Mtu huijaza maji kwa ndoo akitaka, huyamwaga mwenyewe, na huzihamisha nguo kwa mkono kutoka pipa hili hadi lile. Ina kazi yake, lakini ile kazi kubwa, kusugua na kukamua, huifanya yenyewe.

MAJI NDIYO HAKIMU

Sasa twafika penye kiini cha maneno yetu. Atakayeuliza "ipi bora?" ameuliza swali lisilo na jibu. Yampasa kwanza aulize, "Maji yangu yafika vipi nyumbani, na kwa nguvu gani?"

Tuanze na wingi wake. Mashine ya mlango mbele ya ukubwa wa kilo saba kwa kawaida hutumia lita 40 hadi 60 kwa kufua mara moja, pamoja na kusuuza. Ya mlango juu ya ukubwa huo huo hutumia lita 100 hadi 150. Tuhesabu kwa mitungi, ndiyo hesabu tuijuayo: ya kwanza ni mitungi miwili au mitatu, na ya pili ni mitano hadi saba na nusu. Ikiwa nyumba hufua mara tatu kwa wiki, tofauti yake huweza kufika mitungi kumi au zaidi kila wiki. Nasi twakaa katika mji ambao maji yake ya mfereji hutoka mbali. Bomba la Mzima, lililokamilika katika miaka ya 1950, husafirisha maji zaidi ya kilomita 200, na watu wa mji wameongezeka mara nyingi tangu siku hizo. Kwa hivyo nyumba nyingi hupata maji kwa zamu, na siku yasipotoka, hununuliwa mtungi kwa mtungi kwa wauzaji wa mikokoteni. Kwa hesabu hii mlango mbele umeshinda, wala hatusahau kuwa dini yetu imekataza ubadhirifu, na kwamba Mtume wetu akitawadha kwa kibaba kimoja cha maji.

Lakini ngojeni, kwani maji yana wingi na yana nguvu, na hapo ndipo sisi tulipopotea.

Mashine ya mlango mbele huvuta maji kutoka mferejini peke yake, na huyataka yaje kwa msukumo. Nyingi zimeandikwa katika kitabu chake kwamba msukumo wa chini kabisa ni nusu baa, ambao ni sawa na tangi lililowekwa juu ya mashine kwa kimo cha mita 5. Ziko zitoshekazo na pungufu ya hapo, ziko zitakazo zaidi. Sisi hatukulijua hili. Tuliweka akiba miaka miwili, tukaenda katika duka moja la mashine zilizokwisha tumika, tukachagua ya mlango mbele, nyeupe, ya kupendeza, tukaileta nyumbani kwa gari la kukodi, na majirani wakasimama kutazama. Mwenye duka hakutuuliza habari ya maji, wala sisi hatukumwuliza mtu.

Tangi letu liko juu ya paa la chumba cha uani, na kutoka kwake hadi mashine hakukuzidi mita 2. Tukabonyeza kitufe. Maji yakaingia tone kwa tone. Baada ya muda mashine ikasimama, taa ikawaka, na herufi zikatokea tusizozielewa. Tukaanza tena, ikasimama tena. Mwishowe tukagundua kwamba tukimimina maji kwa jagi katika kile kidroo cha sabuni, itakubali kuendelea. Lakini kila ilipofika kusuuza, ilitaka kumiminiwa upya. Basi Jumamosi ile binti yetu alikaa mbele ya mashine saa tatu na jagi mkononi, akiitumikia kuliko ilivyomtumikia.

Siku nyingine umeme ulikatika katikati ya kufua. Mashine za mlango mbele hujifunga mlango maji yakiwa ndani, nao haufunguki ovyo, kwani ukifunguka maji yote hutoka sakafuni. Umeme ulirudi usiku, lakini mashine haikurudi. Sare ya shule ya binti yetu ilikuwa humo ndani, tukiiona kwa kioo. Jumatatu akaenda shule na sare ya mwaka uliopita, mikono yake imemfupia, naye hakusema neno. Fundi alipokuja alituonyesha kijimlango kidogo chini ya mashine, chenye chujio, ambacho hufunguliwa kwa taratibu ili maji yatoke. Ni jambo la dakika kumi. Lau tungalisoma kitabu chake!

Usiku ule mama wa watoto wetu alituambia maneno ambayo hatukuyasahau. Alisema, "Bwana, lau ungaliniuliza mimi, ningalikwambia. Maji ya tangi lile hayana nguvu hata ya kujaza birika kwa haraka. Mimi ndiye nikaaye nayo kutwa." Wala hapakuwa na hasira katika sauti yake, na kwa hivyo yalituchoma zaidi. Tulimnunulia yeye mashine bila ya kumwuliza yeye.

Tuliiuza ile kwa hasara, tukanunua ya mlango juu. Hii nayo hupenda maji ya mfereji, lakini yasipokuja huinuliwa mfuniko na kumiminiwa kwa ndoo, na nyingi za namna hii huyapima zenyewe yakitosha zikaanza kazi. Yala maji mengi, hatukatai. Tumetengeneza bomba lake la kutolea maji liingie katika pipa, na maji ya kusuuza ya mwisho huyatumia kuoshea ua na kumwagia chooni. Ndugu yetu akaaye katika jumba la ghorofa lenye tangi juu na pampu, yeye anayo ya mlango mbele, na kila tukutanapo huisifu. Yeye ana haki na sisi tuna haki. Mashine ile ile iliyotuadhibu sisi ingalimstarehesha yeye.

MAJI YA KISIMA, SABUNI NA UMEME

Mji wetu umekaa juu ya mawe ya matumbawe, na maji ya visima vyake huwa na chokaa, na karibu na bahari huwa na chumvi. Maji ya namna hii hayatoi povu, na yakichemshwa huacha ukoko mweupe. Mashine ya mlango mbele kwa kawaida ina chuma cha kuchemshia maji ndani yake, na ukoko ule hukigandamia mpaka kikaharibika. Mwenye kutumia maji ya kisima afue kwa maji baridi kila awezapo, atumie dawa ya kuondoa chokaa kama kitabu kielezavyo, na akipata maji matamu ayaweke kwa kusuuza kwa mwisho. Mashine nyingi za mlango juu ziuzwazo kwetu hazina chuma hicho, na hivyo zina kitu kimoja pungufu cha kuharibika.

Chuma hicho ndicho pia kilacho umeme. Kufua mara moja kwa maji ya joto la digrii 60 huweza kumaliza kiasi cha uniti moja; kwa maji baridi hutumika sehemu ndogo tu ya hiyo. Kwa nguo za kawaida za jasho na vumbi, maji baridi yatosha.

Ama sabuni, ya mlango mbele hutaka ile isiyo na povu jingi, iliyoandikwa kuwa ni ya mashine. Mtu akitia sabuni ya unga ya kufulia kwa mkono, povu hujaa mpaka likatoka nje, na nguo hazisuuziki. Tena mlango wake una mpira mzunguko, ambao hubaki na maji na kuota ukungu wenye harufu. Ufutwe kwa kitambaa, na mlango uachwe wazi kidogo. Jambo la mwisho ni mifuko na pini: pini za mtandio na sarafu hupita katika matundu ya pipa na kuziba pampu. Nyumbani kwetu kila mtu hutazama mifuko yake mwenyewe kabla ya kuitia nguo kapuni.

Kwa upande wa upole wa nguo, ya mlango mbele haizisokoti sana, na mabuibui yenye nakshi hukaa zaidi. Ya mlango juu huzifunga mikono ya kanzu mafundo. Kofia za kazi ya mkono zisitiwe katika yoyote ya hizo. Na leso mpya zifuliwe peke yake mara za kwanza, zisije zikazipaka kanzu rangi.

TWAHARA YA NGUO

Wengi hutuuliza: je, nguo yenye najisi hutwaharika mashineni? Nguo safi kwa macho si lazima iwe twahara kwa sala, na amri ya kutwaharisha nguo imo katika Qur'ani, Sura Al-Muddaththir, aya ya 4. Kwa madhehebu yetu ya Imamu Shafi'i, maji machache, yaani yasiyofika kulla mbili, ambazo kwa makadirio ni kiasi cha lita 200 hivi, yakiangukiwa na najisi hunajisika hata yasipogeuka. Maji yaliyomo mashineni hayafiki kiasi hicho. Lakini maji yakimiminiwa juu ya kitu chenye najisi, yakaiondoa na yakatoka bila ya kugeuka, kitu kile hutwaharika.

Basi njia ya usalama ni nyepesi, na yafaa kwa mashine ya namna yoyote. Nguo yenye najisi, kama winda la mtoto au shuka la mgonjwa, itengwe. Najisi yenyewe iondolewe kwanza kwa mkono, kisha nguo imiminiwe maji mpaka iondoke rangi yake na harufu yake. Baada ya hapo itiwe mashineni pamoja na nyingine kwa ajili ya usafi. Mwenye kufanya hivi hana haja ya wasiwasi, wala hana haja ya kufua mara mbili. Kwa yale mapipa mawili, ambamo maji husimama na nguo nyingi hutiwa humo kwa zamu, tahadhari hii ni lazima zaidi.

MGONGO, UMEME NA WATOTO

Mwenye maumivu ya mgongo au ya magoti aitazame ya mlango juu, kwani ya mbele humtaka ainame kila mara, isipokuwa ikijengewa kitako imara. Mwenye nafasi ndogo aitazame ya mbele, kwa kuwa huweza kukaa chini ya meza ya jikoni. Ya mbele ni nzito sana, maana hutiwa vipande vya zege ndani ili isirukeruke. Ikiwa mpya huja na skrubu ndefu nyuma zilizoshika pipa wakati wa safari. Zisipotolewa kabla ya kuwashwa, mashine itacheza chumba kizima na kujivunja.

Kwa namna zote, plagi iwe ya meno matatu na waya wake wa ardhini uwe umefungwa na fundi ajuaye, kwani maji na umeme vikikutana juu ya sakafu yenye unyevu, mtu aliye miguu mitupu ndiye alipaye. Na wenye watoto wadogo wazime umeme ukutani kila wamalizapo, wala wasimwache mtoto peke yake na mashine. Mtoto huweza kuingia katika pipa kwa mchezo, mlango ukamfungia.

SHAURI LETU

Kwa ufupi, kabla ya kwenda dukani, pima kimo kutoka chini ya tangi lako hadi pale mashine itakapokaa. Hesabu ni siku ngapi kwa wiki maji hutoka, na umeme hukatika mara ngapi. Onja maji yako kama ni matamu au ya chumvi. Kisha mwulize yule afuaye, kwani majibu yote haya anayo yeye.

Ikiwa una tangi lililoinuka au pampu, maji matamu, na umeme wa kutegemewa, nunua ya mlango mbele, itakupunguzia maji na itazihifadhi nguo zako. Ikiwa maji yako huja kwa zamu na kwa ndoo, nunua ya mlango juu, usione haya kuambiwa si ya kisasa. Ikiwa fedha ni chache, ile ya mapipa mawili ni bora kuliko deni. Na atakayelipa kwa awamu ahakikishe kuwa bei ni moja, imekatwa tangu mwanzo, wala haiongezeki kwa kuchelewa, kwani nyongeza ile ni riba.

Lipo jambo jingine la kukumbuka. Nyumba nyingi zina mama ajaye kufua kwa ujira, naye ana watoto wamngojao. Mashine ikiingia, asitolewe mlangoni kwa siku moja. Kwetu sisi mama huyo bado huja: huiendesha mashine, huanika, hupiga pasi, na ujira wake haukupungua, ila mgongo wake umepumzika.

Baba wa wale wasichana alikwenda akapima tangi lake. Halikufika mita 3. Akanunua ya mlango juu, ndogo, kwa fedha taslimu, baada ya kushauriana na mkewe. Jumamosi ya kwanza baada ya hapo tulimwona msichana mmoja tu chuoni. Tukauliza, "Na mwenzio?" Akasema, "Maalim, mashine imefua, lakini nani ataanika?" Tukamgeukia ndugu yake, aliyekuwa amekwisha fungua msahafu wake. Tukamkumbusha kwamba Bibi Aisha, radhi za Mwenyezi Mungu zimshukie, alipoulizwa Mtume akifanya nini nyumbani kwake, alijibu kuwa alikuwa katika kuwatumikia watu wa nyumba yake. Kijana akainamisha kichwa.

Siku hizi wasichana wote wawili huja mapema. Yeye huchelewa nusu saa kila Jumamosi, mikono yake ikinuka sabuni, nasi twamsamehe.